Bunduki Iliyotaka Nta

Ganda la risasi lilipakwa nta. Ilikuwa nta ngumu, kavu, ya tabaka jembamba kiasi kwamba mtu asiyeambiwa angeweza kuishika risasi yenyewe, akaigeuza mkononi, asigundue kitu. Haikuacha uchafu kidoleni wala haikunasa vumbi kama mafuta. Aliyeipaka alikuwa mhandisi wa silaha aliyeitwa John Douglas Pedersen, na bila nta hiyo bunduki yake haikuwa ya kutegemewa. Ilikuwa bunduki nyepesi na sahihi, yenye mtambo uliobuniwa kwa akili ya ajabu, na katika miaka ya 1920 ilikaribia mno kuwa silaha ya kila askari wa miguu wa Marekani. Leo wachache wanaoijua ni watu wa makumbusho na wakusanyaji wa silaha za kale.

Historia ya silaha huandikwa na washindi mara mbili: washindi wa vita, kisha washindi wa zabuni. Bunduki iliyonunuliwa na jeshi hupata sanamu, stempu na filamu. Ile iliyoshindwa kwenye majaribio huwekwa kabatini na namba yake ya kumbukumbu. Mimi navutwa zaidi na hii ya pili, kwa sababu ndani yake mtu huona jinsi uamuzi unavyofanyika, na jinsi kitu kizuri kinavyoweza kukataliwa na watu ambao hawakuwa wajinga.

Tuanze na tatizo lenyewe. Askari wa miguu wa Vita ya Kwanza ya Dunia alibeba bunduki ya bolti. Alifyatua, akainua mkono wa bolti, akauvuta nyuma ganda likatoka, akausukuma mbele risasi nyingine ikaingia, kisha akalenga upya. Tena huyo ndiye aliyekuwa na silaha ya kisasa. Askari wengi wa Kiafrika waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914 upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi, na kila walipopiga, wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali walipo. Hatua iliyotamaniwa na majeshi yote baada ya vita ile ilikuwa bunduki ya kujipakia yenyewe: kila ukivuta kifyatulio risasi moja inatoka, na mtambo unafanya kazi iliyobaki kwa nguvu ya mlipuko uleule.

Bastola za kujipakia zilikuwapo tangu mwisho wa karne ya 19, na bombomu za Maxim zilikuwa zimeshamwaga damu nyingi katika bara hili. Ugumu ulikuwa katika bunduki ya kubebwa begani. Risasi ya jeshi la Marekani, ile ya kipenyo cha inchi 0.30 iliyotokana na muundo wa 1906, ilikuwa na nguvu nyingi. Kuidhibiti nguvu hiyo ndani ya chombo cha kilo nne, kinachotupwa matopeni, kinachopigwa jua na mvua, na kinachotumiwa na kijana aliyefunzwa wiki chache tu, kulikuwa kumewashinda wabunifu wa nchi nyingi.

Pedersen alizaliwa mwaka 1881 Grand Island, katika jimbo la Nebraska, katika familia yenye asili ya Denmark. Jina alilipata katika kampuni ya Remington, ambako alibuni bunduki za kuwindia za kusukuma kwa mkono na bastola ya Model 51. Inasimuliwa kwamba John Browning mwenyewe, ambaye wengi humhesabu kuwa mbunifu mkubwa kuliko wote wa silaha za moto, alimtaja Pedersen kuwa bingwa asiye na mpinzani. Sifa ya namna hiyo hupambwa ikipita midomoni, lakini hata waliomshinda Pedersen hawakuwahi kutilia shaka kichwa chake.

Oktoba 1917, Marekani ikiwa imeshaingia vitani, Pedersen aliwaonyesha maofisa na wanasiasa kitu fulani karibu na jiji la Washington. Alianza kufyatua bunduki ya kawaida ya Springfield, ya bolti, risasi moja baada ya nyingine. Kisha akaitoa bolti, akachomeka mahali pake kifaa kidogo kilichofanana na bastola isiyo na mpini, akapachika magazini ya risasi 40 pembeni, na bunduki ileile ikaanza kumimina risasi ndogo kila alipovuta kifyatulio. Watazamaji walishikwa na bumbuwazi. Jeshi likakiagiza kifaa hicho kwa siri kubwa, na ili kuficha kilichomo, makaratasi yalikiita bastola ya mwaka 1918. Mpango ulikuwa kuwashtukiza Wajerumani nacho katika mashambulizi ya masika ya 1919. Vita vikaisha Novemba 1918. Vifaa vipatavyo 65,000 vilikuwa vimeshatengenezwa, vikakaa ghalani miaka kadhaa, kisha karibu vyote vikaharibiwa kwa amri. Hayo yalikuwa maonjo ya kwanza ya Pedersen ya bahati yake mwenyewe: kazi imekamilika, mteja ameridhika, na soko limefungwa.

Hakukata tamaa, wala hakuwa mtu wa kujishusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliiendea Idara ya Silaha ya jeshi na hoja iliyosikika kama ya mtu anayewafundisha wenye nyumba yao. Mnang'ang'ania risasi ya inchi 0.30, aliwaambia, na hapo ndipo mnapokwama. Risasi ile ni ndefu, inasukuma bega kwa nguvu, na inazalisha joto na shinikizo lisilo la lazima. Nipeni ruhusa ya kubuni risasi ndogo, na bunduki itakayolingana nayo, kwa pamoja. Idara ikakubali. Akapewa ofisi na karakana katika kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, mshahara wa dola 10,000 kwa mwaka, na ahadi ya mrabaha wa dola moja kwa kila bunduki itakayotengenezwa endapo itakubaliwa. Kwa siku zile dola 10,000 zilikuwa fedha nyingi kweli. Jirani yake wa karakana, ambaye tutafika kwake punde, alikuwa akilipwa kama mtumishi wa kawaida wa serikali.

Risasi aliyoitoa ilikuwa ya inchi 0.276, yaani milimita 7, na ganda lake lilikuwa na urefu wa milimita 51, fupi kwa zaidi ya sentimita moja kuliko lile la 0.30. Kwa ufupi huo mtambo wote ulipungua urefu na uzito, na magazini iliyokuwa ikimeza risasi tano sasa ilimeza kumi. Bega la askari lilipumzika. Bunduki nzima ilikuwa na uzito wa chini kidogo ya kilo nne. Risasi hazikuingizwa moja moja. Zilifungwa kumi pamoja katika klipu ya bati, na klipu yenyewe ikasukumwa ndani pamoja na risasi zake. Mbinu hiyo ya klipu inayoingia yote ikumbukwe, maana itarudi.

Sasa mtambo. Bunduki nyingi za kujipakia za wakati ule zilikuwa na kufuli: risasi ikipigwa, kizibo cha nyuma kinabaki kimefungwa mpaka kichwa cha risasi kimetoka mtutuni na shinikizo kushuka, ndipo kitu fulani, gesi au msukumo wa mtutu, kinafungua. Pedersen hakuweka kufuli. Nyuma ya chemba aliweka kizibo kilichoshikwa na vipande viwili vilivyounganishwa kama mkono wa mtu, chenye kiwiko katikati. Maxim naye alitumia kiwiko, na Luger pia katika bastola yake, lakini viwiko vyao hujifunga kwa kunyooka. Cha Pedersen hakikunyooka kabisa. Kilikaa kimepinda kidogo kuelekea juu, tayari kujikunja tangu nukta ya kwanza ya mlipuko.

Kilichokizuia kisikunjike kwa ghafla kilikuwa maumbo ya viungo vyake. Badala ya kuviunganisha vipande hivyo kwa pini nyembamba, Pedersen alivipa nyuso pana zilizochongwa mviringo, zikibingirishana moja juu ya nyingine. Mwanzoni, shinikizo linapokuwa kali, mahali zinapogusana huwa pabaya kwa nguvu inayosukuma, mfano wa mtu anayejaribu kufungua mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba. Kadiri kiwiko kinavyopanda, mguso unahama, na kazi inakuwa rahisi. Hapo kizibo kinarudi nyuma haraka, ganda linatupwa nje, springi inarudisha kila kitu mbele na risasi mpya. Hakuna tundu la gesi mtutuni, hakuna pistoni, hakuna fito ndefu chini ya mtutu. Yote yanategemea mahesabu ya mikunjo ile. Waliowahi kuchonga chuma wataelewa usahihi uliohitajika, na hapo ndipo Pedersen alipowashangaza wenzake: pamoja na bunduki, alibuni vifaa na mashine za kuitengenezea, akijua nyuso zile hazingechongwa kwa kubahatisha.

Lakini mtambo usio na kufuli una deni, na deni hulipwa na ganda. Baruti ikilipuka, kuta za ganda la shaba hutanuka na kukumbatia chemba kwa nguvu. Kizibo kikianza kurudi nyuma wakati huohuo, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, kitako cha ganda kinavutwa huku kiwiliwili chake kikiwa kimeshikwa. Kitakachotokea ama ganda linakatika, au ukingo wake unang'oka na ganda linabaki ndani, na askari anabaki na fimbo ghali mkononi. Wabunifu wengine walilijua deni hilo na walililipa kwa mafuta. Bombomu ya Schwarzlose ya Austria ilikuwa na pampu ya mafuta ndani yake. Bunduki ya Jenerali John Thompson, yuleyule wa bunduki ndogo iliyopendwa na majambazi wa Chicago, nayo ilitaka risasi za mafuta, na ilitupa maganda kwa kasi iliyowafanya waliosimama karibu waangalie pa kujificha.

Pedersen aliyachukia mafuta. Yanachafua, yanakusanya mchanga, yanakauka. Akatafuta nta ya madini inayoitwa seresini, akabuni namna ya kuifanya ishike kwenye ganda kwa tabaka jembamba lililo kavu, na akalichukulia hataza jambo hilo. Nta ilikaa kimya kifukoni mwa askari. Ndani ya chemba, kwa joto na shinikizo la mlipuko, ililainika na kuliwezesha ganda kuteleza. Kiufundi lilikuwa jibu safi. Wanaoidhihaki bunduki hii kwa kusema ilihitaji kupakwa mafuta hawaitendei haki.

Hata hivyo sioni jinsi maofisa wangekosa kuingiwa na mashaka. Jeshi hununua risasi kwa mamia ya mamilioni. Huzitunza miaka kumi au ishirini kwenye maghala ya Panama, ya Ufilipino, ya Alaska. Huzigawa kwa bunduki na kwa rashasha bila kuchagua. Sasa unaliambia jeshi kwamba kila ganda kati ya hayo mamilioni lazima lipite kwenye hatua moja zaidi kiwandani, na kwamba tabaka lisiloonekana kwa macho ndilo linalotenganisha silaha na kuni. Siku risasi zenye nta zitakapokosekana, na siku kama hizo vitani hazikosekani, itakuwaje? Mwenye kuuliza hivyo hakuwa akiipinga sayansi ya Pedersen. Alikuwa akiufikiria msafara wa malori.

Miaka michache baadaye Afrika Mashariki ilitoa mfano wa upande wa mafuta. Majeshi ya Italia yaliyopambana na Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Uingereza, huko Somalia na Ethiopia mwaka 1941 yalikuwa na rashasha nyepesi ya Breda ya mwaka 1930, ambayo ilipaka mafuta risasi zake yenyewe kabla ya kuzipiga. Katika nchi ya vumbi, mafuta hayo yaligeuka tope ndani ya mtambo, na Breda ikajijengea sifa mbaya isiyoisha. Nta kavu ya Pedersen ilikusudiwa kuepusha balaa hilo hasa. Tofauti ni kwamba haikupata kujaribiwa katika vumbi la vita.

Jirani wa karakana aliitwa John Garand. Alizaliwa mwaka 1888 Saint-Rémi, Quebec, katika familia ya wakulima wanaosema Kifaransa, akahamia Marekani angali mtoto, na akaanza maisha ya kazi akifagia sakafu ya kiwanda cha nguo. Mashine alijifunza humo humo. Springfield alifika mwaka 1919. Alikuwa mpole, msemaji mchache, na mpenzi wa kuteleza kwenye barafu. Inasimuliwa kwamba wakati mmoja aliijaza maji sebule yake yagande ili apate uwanja wa kutelezea. Pedersen alifika na mkataba na hataza. Garand alikuwa na mshahara wa mwezi, na chochote alichokibuni aliliachia taifa.

Bunduki ya kwanza ya Garand ilitumia fataki. Risasi ilipopigwa, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda ilirudi nyuma nafasi ndogo sana, na mwendo huo mdogo ukafungua kufuli. Ilikuwa hila nzuri, nayo ikaharibiwa na watu wa baruti: katikati ya miaka ya 1920 jeshi lilibadili risasi yake ya 0.30, baruti ikawa ya kuungua polepole zaidi na fataki zikabanwa kwenye ganda ili zisicheze. Kazi ya miaka mingi ya Garand ikafa pale pale. Naliona tukio hilo kuwa muhimu kuliko linavyopewa nafasi, kwa sababu lilimfunza Garand somo ambalo Pedersen hakulipata: usiitegemee risasi ikubebee mtambo wako. Akaanza upya na gesi. Bunduki yake ya pili ilipokea gesi karibu na mdomo wa mtutu, ikasukuma fito, fito ikazungusha bolti yenye kufuli halisi. Ilikuwa nzito zaidi ya ile ya Pedersen na haikuwa na ulaini wake, lakini ilimeza risasi kavu, ya kawaida, isiyopakwa chochote.

Kwa muda lakini Pedersen ndiye aliyekuwa mbele. Katika masika ya 1928 bodi za askari wa miguu na za wapanda farasi zilizijaribu bunduki zake, ambazo sasa zilikuwa na jina rasmi la T1, na zikatoa taarifa za kumsifu. Mwaka huohuo jeshi likataka kujua kama risasi ndogo inaua sawasawa. Katika uwanja wa majaribio wa Aberdeen, Maryland, nguruwe waliolazwa kwa dawa ya usingizi walipigwa risasi za inchi 0.256, 0.276 na 0.30 kutoka umbali tofauti, na madaktari wakapima majeraha. Watu wa silaha mpaka leo huita jopo lile Bodi ya Nguruwe, na lililofuata, ilipokuwa zamu ya mbuzi, Bodi ya Mbuzi. Matokeo yaliwashangaza wazee wa jeshi waliozoea kuamini kwamba ukubwa ndio ukali. Kwa umbali ambao askari hupigana kweli, risasi ndogo ziendazo kasi, zikipinduka ndani ya nyama, zilifanya majeraha mabaya kuliko ile kubwa. Ile ya 0.276 ikapendekezwa kuwa wastani mzuri wa yote.

Pedersen alikuwa ameshinda hoja ya kipenyo. Alichosahau ni kwamba hoja ikishashinda inakuwa ya watu wote. Garand aliambiwa naye aunde bunduki ya 0.276, akaiunda.

Majaribio ya 1929 yalikusanya Aberdeen silaha kutoka pande zote: ya Thompson, ya Colt na Browning, ya Rheinmetall ya Ujerumani, ya Emanuel Holek wa Czechoslovakia, ya Pedersen na ya Garand. Zilipigwa maelfu ya risasi, zikafukiwa vumbini, zikaachwa zipate kutu. Mwaka 1931 walibaki wawili, T1 ya Pedersen dhidi ya bunduki 20 za Garand zilizoitwa T3E2, zote za 0.276. Kasoro za T1 sasa zilihesabiwa moja moja. Kiwiko kiliruka juu mbele ya macho ya mpigaji kila mlio, jambo lisilopendeza kwa mtu aliyelala kifudifudi na kofia ya chuma kichwani. Klipu iliingia upande mmoja tu, na askari gizani angeweza kuigeuza vibaya. Na mwisho wa kila orodha ilirudi nta. Ya Garand ilikuwa na vipande vichache, ilifunguka kirahisi kwa kusafishwa, na ndani ya mwili wake ilikuwa na kitu ambacho Pedersen alikifahamu vizuri: klipu ya kuingia yote, risasi kumi, mbinu ya bunduki yake mwenyewe, ikiwa tumboni mwa mshindani wake.

Januari 4, 1932 bodi ilikutana ikapendekeza risasi ya 0.276 na bunduki ya Garand. Kwa Pedersen ilikuwa kama kushinda kesi na kunyang'anywa shamba. Lakini hata ushindi huo wa nusu ulidumu wiki chache. Jenerali Douglas MacArthur, Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, alikataa kubadili kipenyo. Sababu zake zilikuwa za bwana ghala: jeshi lilikuwa na akiba kubwa ya risasi za 0.30, rashasha zote zilikuwa za 0.30, Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na aina mbili za risasi ni misafara miwili. Februari 25, 1932 amri ikatoka kwamba kazi yote ya 0.276 isimame mara moja. Siku chache kabla yake, kwa bahati ambayo Pedersen hakuwahi kuipata maishani, Garand alikuwa amemaliza kurekebisha bunduki yake nyingine, ya 0.30, ambayo bolti yake ilipasuka kwenye majaribio ya Oktoba 1931. Bunduki ya pili ilikuwepo tayari mezani. Pedersen hakuwa na ya pili. Bunduki yake na risasi yake zilizaliwa pamoja kwa makusudi, kila mkunjo wa kiwiko umepimwa kwa shinikizo la ganda lile, na amri iliyoifuta moja iliifuta nyingine.

MacArthur amelaumiwa sana kwa uamuzi ule. Binafsi sioni kama angeweza kuamua vingine kwa bajeti aliyokuwa nayo, ingawa madaktari wa nguruwe walikuwa sahihi na yeye hakuwa. Miaka kumi baadaye, majeshi yake yakizingirwa na Wajapani katika rasi ya Bataan huko Ufilipino, yeye mwenyewe alituma nyumbani taarifa ya kuisifu bunduki ya Garand, kwamba inafanya kazi vizuri hata pasipo nafasi ya kuisafisha na kuitia mafuta. Bunduki hiyo ilikuwa imekubaliwa rasmi Januari 1936 kwa jina la M1, risasi nane kwenye klipu, na ziliundwa zaidi ya milioni tano. Garand hakulipwa mrabaha hata senti. Mswada wa kumpa dola 100,000 ulipelekwa bungeni, haukupita.

Pedersen alikuwa ameshaivuka bahari kabla ya hukumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alihamia Uingereza na familia yake, kusimamia utengenezaji wa bunduki yake katika kiwanda cha Vickers-Armstrongs huko Crayford, nje kidogo ya London. Zilitengenezwa kama 200 hivi, kazi safi ya kupendeza, na nyingi ya zile zinazoonekana leo mikononi mwa wakusanyaji zinatoka katika kundi hilo. Serikali ya Uingereza ilizijaribu, ikashukuru, ikabaki na Lee-Enfield yake ya bolti. Ndiyo maana askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipoteremka Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, walivuta bolti kwa mkono kama walivyofanya baba zao katika vita ya kwanza dhidi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Katika vita ile nzima Marekani peke yake ndiyo iliyokuwa na bunduki ya kujipakia kama silaha ya kawaida ya askari wake wa miguu.

Japani nayo iliunda nakala zake za majaribio za mtambo wa Pedersen katika miaka ya 1930, kwa risasi yake ya milimita 6.5, ikaziweka kando. Hoja ya kipenyo ndiyo iliyokataa kufa. Waingereza waliifufua mwaka 1951 kwa bunduki yao ya risasi ya milimita 7, Wamarekani wakaipinga wakitaka ya 7.62. Kisha Wamarekani haohao wakashuka mpaka milimita 5.56 enzi za Vietnam, na mwaka 2022 wakachagua ya milimita 6.8, hatua chache tu kutoka pale alipokuwa amesimama mtu wa Nebraska mwaka 1924.

Yeye alirudi kwao. Marekani ilipoingia Vita ya Pili, jeshi lilihitaji karabini nyepesi za M1 kwa wingi, silaha iliyobuniwa na Winchester, na likagawa mikataba kwa kila mwenye mashine. Mmoja ulikwenda Grand Rapids, Michigan, kwa kampuni iliyoundwa na watengenezaji wa samani wakishirikiana na Pedersen, ikaitwa Irwin-Pedersen. Ilitengeneza karabini kama 3,500, na wakaguzi wa jeshi hawakuipokea hata moja. Mwaka 1943 mkataba ulichukuliwa na kampuni ya Saginaw ya General Motors, ambayo ilirithi kiwanda pamoja na vipuri vyake. Vipuri vile havikutupwa. Vilisafishwa, vikarekebishwa, vikafungwa pamoja na vingine, na hatimaye vikapita ukaguzi. Kwa njia hiyo jina la Pedersen, aliyefariki mwaka 1951, lilifika mikononi mwa askari wa Marekani, likiwa limechongwa kwenye chuma cha bunduki ambayo hakuibuni, iliyopiga risasi za inchi 0.30 zisizo na nta.